Anasema akinilaza sitasikia maumivu, nimpe hela?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 22 niko Nkuhungu hapa Dodoma, nakimbia tangu sekondari na sasa najiandaa na mbio za kilomita 21. Shida ni ugoko wa kulia, una kama mwezi sasa, nikianza unauma, nikipata moto unatulia kidogo alafu mwishoni unarudi kwa hasira. Kuna kaka pale tunapofanyia mazoezi anasema amesomea hipnosisi, eti ananilaza dakika 20 tu nakimbia mpaka mwisho sisikii kitu, anataka elfu 50. Mama anasema huo ni ushirikina. Kocha anasema vumilia, mbona Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, alimaliza na goti limefungwa bendeji. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mama msalimie sana, mwambie hapo hakuna jini wala kafara. Kwenye hipnosisi hulali kweli, akili inatulia inashika kitu kimoja mpaka maneno unayoambiwa yanakuingia kirahisi kuliko siku zote, unasikia kila kitu na ukitaka kufungua macho unafungua. Madaktari wanaijua toka zamani, chama cha madaktari cha Marekani kiliikubali mwaka 1958.

Na kwenye maumivu inasaidia kweli, japo wengine inawashika haraka na wengine haiwashiki kabisa. Mwaka 1997 watafiti kule Montreal, Kanada, waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji ya moto ya nyuzi kama 47, wakiwa kwenye hipnosisi wakaambiwa maumivu hayakeri au yanakera zaidi. Maji ni yaleyale, ila picha za ubongo zilionyesha sehemu inayohusika na kero inapanda na kushuka kufuata maneno, wakati ile inayopokea taarifa ya mkono iko vilevile. Yaani taarifa inafika, kinachopungua ni kero. Hapo ndipo pazuri na hapohapo ndipo naogopa kwa ajili yako, maana mguu unaendelea kuumia wakati wewe umetulia.

Fanya hivi leo usiku, kaa kitandani, chukua kidole gumba ubonyeze ugoko kwa ndani, taratibu, toka juu kushuka chini. Kama uchungu umesambaa sehemu ndefu kufuata ukingo wa mfupa, mara nyingi ni mfupa na nyama zimechoka na lami. Lakini ukifika sehemu moja ndogo kama sarafu ya mia mbili ukaruka, au mguu unakuuma hata umelala, acha kukimbia, kesho hiyohiyo uende hospitali, General au Benjamin Mkapa, inaweza kuwa mfupa umeanza kupata ufa. Na eksirei ya kwanza ikitoka safi usishangilie, ufa wa hivyo mwanzoni hauonekani kirahisi, mwambie daktari unakimbia na umeumwa mwezi mzima.

Nakwambia kwa uchungu maana mimi nilichomwa sindano ya ganzi pembeni ya uwanja, nikakimbia vizuri tu, nikashangiliwa, kesho yake nikashindwa kushuka kwenye bajaji. Mfupa uliokuwa na ufa ukawa umevunjika. Msimu wote ukaisha nikiwa na magongo.

Kuhusu Akhwari, mwambie kocha kwa heshima kwamba yule alianguka siku ileile ya mbio, Olimpiki ya Mexico 1968, akamaliza siku hiyo moja. Hakuwa anakimbia na mguu mbovu kila Jumanne na Alhamisi mwezi mzima.

Daktari akishajua ni nini na akakuruhusu, hapo hipnosisi ina kazi nzuri, mazoezi ya kurudisha mguu yanauma na yanatisha. Hata mwenyewe unaweza kujifundisha: lala, pumua taratibu, toa pumzi ndefu kuliko ulivyovuta, alafu ione ile redio ya babu yenye kitufe cha kuzungusha, maumivu ndiyo ile sauti, zungusha kidogo kidogo kushuka. Usiizime, ishushe tu. Dakika 10 kila siku, ukizoea unaweza kuiita hata ukiwa unapanda mlima wa Ntyuka na vumbi la Julai machoni.

Huyo kaka kabla hujampa elfu 50 muulize swali moja tu, je, ameshawahi kuugusa huo ugoko wako akakuuliza unauma wapi?