Soli ya ndani kwa mzee mwenye goti lililosagika: angalia matege kwanza

Mkuu, umeuliza kama zile soli za ndani zilizoinuliwa upande mmoja zitamsaidia bi mkubwa wa miaka 70 atembee vizuri. Kabla ya kutoa hela, msimamishe pekupeku, vifundo vya miguu vigusane. Magoti yakiachana (matege), mara nyingi goti limesagika upande wa ndani, na soli yake huinuliwa ukingo wa nje. Magoti yakigongana, usimpe hiyo kabisa. Itaongeza mzigo palepale panapouma.

Kukanyaga ukingo wa nje ulioinuka kwa nyuzi 5 kunapunguza mzigo wa upande wa ndani wa goti, ila kwa asilimia chache tu. Ndiyo maana matokeo kwenye maumivu ni hafifu. Utafiti wa Australia wa 2011 uliwapa watu 200 soli hizo au soli bapa za kawaida kwa miezi 12, na maumivu hayakutofautiana. Kwa hiyo anayekuuzia kwa bei ya dawa anakupiga.

Mkitaka kujaribu, fundi viatu anatosha. Achukue sponji ngumu isiyobonyea ukiiminya kwa kidole gumba, aikate kutoka kisigino hadi vidoleni. Kisigino chenye upana wa sm 6 kinataka unene wa mm 5 ukingo wa nje, ukiteremka hadi sifuri ndani. Ziwe jozi, hata kama linauma goti moja, la sivyo mguu mmoja unakuwa mrefu. Toa kwanza soli iliyokuja na kiatu. Wengi wanazipanga mbili, kisigino kinapanda, kiatu kinachomoka njiani. Kiatu kiwe cha kufunga, si kandambili.

Siku ya kwanza avae kwa muda wa saa moja, aongeze saa moja kila siku. Kifundo au kiuno kikianza kuuma, punguzeni unene au acheni. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila jioni.

Sponji nene laini ndiyo naiogopa zaidi. Raha dukani, lakini unyayo hauisikii sakafu vizuri na mzee anayumba.

Fimbo ina faida kubwa kuliko soli yoyote, ila wengi huishika upande wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, ishikwe mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia. Urefu wake, akiwa amevaa viatu na mikono imening'inia, ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono.