Uliza Ujibiwe: Sheria za Soka

Kwenye ligi ya mtaa huku Buhongwa, beki wetu alimrudishia kipa mpira kwa mguu, kipa akaudaka hatua tatu kutoka golini. Refa akaamuru penalti, tukafungwa. Ilikuwa haki?

Haikuwa haki. Kipa kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu wa mwenzake ni kosa tangu 1992, lakini adhabu yake ni faulo isiyo ya moja kwa moja, yaani goli halihesabiwi mpaka mchezaji wa pili auguse mpira. Hakuna penalti, na kipa hapewi kadi hata kama mpira ulikuwa unaelekea wavuni.

Kwa kuwa aliudakia karibu na goli, mpira ulipaswa kuwekwa kwenye mstari wa boksi dogo, mita 5.5 kutoka golini, mkabala na pale alipoushika. Mabeki wanaruhusiwa kujipanga juu ya mstari wa goli, katikati ya nguzo, hata kama hawajafikisha mita 9.15 wanazotakiwa kukaa mbali na mpira. Refa ananyoosha mkono juu, haushushi mpaka mchezaji wa pili auguse mpira. Timu nyingi huharibu hapa: mmoja anaukanyaga mpira kwa soli, hausogei, mwenzake anafumua shuti wavuni. Kisheria huyo wa pili ndiye aliyeanzisha, kwa hiyo goli linakataliwa na inapigwa golikiki. Usogezeni mpira waziwazi.

Chunguzeni na pasi yenyewe. Ikiwa ya kichwa, kifua au goti, kipa anadaka bila tatizo. Vivyo hivyo mpira uliomparaza beki tu. Ila beki akiubinua kwa mguu kisha akaurudisha kwa kichwa ili kuikwepa sheria, anakula njano, hata kipa asipoudaka.

Refa anaweza kujirekebisha kabla mchezo haujaanza tena. Nahodha amfuate peke yake, amuulize kwa heshima: "Mwamuzi, kosa ni lipi?" Akijibu ni pasi ya nyuma, mkumbusheni adhabu yake palepale. Penalti ikishapigwa, hawezi tena kubadili.

Refa kahesabu kwa vidole, kipa wetu kashika mpira, wapinzani wakapewa kona. Ipo hiyo? (Sengerema)

Ipo, tangu Julai 2025. Kipa ana sekunde 8 za kuushika mpira, na refa anazionyesha 5 za mwisho kwa mkono. Kona inapigwa upande ulio karibu na aliposimama kipa. Zamani zilikuwa sekunde 6 na adhabu ilikuwa faulo, ambayo marefa wengi hawakuthubutu kuitoa. Hii mpya ni bora zaidi.

Upepo wa ziwa ukirudisha mpira wa kipa hadi golini kwake, ni goli? (Kirumba)

Golikiki ikirudi moja kwa moja wavuni, wapinzani wanapata kona. Lakini kipa akiupiga kutoka mikononi wakati mchezo unaendelea, ukarudi na kuingia, ni goli halali. Akiuwahi akaudaka tena kabla haujaguswa na mwingine, ni faulo isiyo ya moja kwa moja. Jioni upepo ukivuma kutoka ziwani, kipa anayecheza akiukabili aurushe chini kwa beki wa pembeni.