Ajenti amesimama mapokezi, nifanye nini?

*Yaya, nina guest house ya vyumba 8 hapa Kampemba, Lubumbashi. Mwezi huu wamekuja watu wa biro (ofisi) nne za serikali, kila mmoja na karatasi yake. Juzi mmoja alidai dola 150 za utalii palepale, la sivyo anafunga mlango. Nikampa 60, wageni wakiangalia. Nifanye nini nikae kwa amani na Leta (serikali)?*
*Mama wa Kampemba*

Mdogo wangu, pole kwa aibu ile mbele ya wageni. Nilikaa kaunta ya hoteli miaka 19, na hizo dola 60 nazijua. Mwaka wangu wa pili nililipa mkononi, nikapewa risiti yenye muhuri mzuri. Miezi mitatu baadaye biro ileile ikadai tena. Hoteli yetu haikuwa katika vitabu vyao. Patroni alizikata kwenye mshahara wangu.

Shika hili kabla ya yote: kwa ada zinazopitia DGRAD, idara ya taifa ya mapato yasiyo ya kodi, anayekadiria deni siye anayepokea feza. Watu wa utalii wanahesabu, DGRAD inatoa note de perception (hati ya kukudai malipo), wewe unakwenda kulipa benki na kurudi na uthibitisho wake. Ajenti akifika, mpe kiti na maji, kisha soma ordre de mission yake (barua ya kumtuma kazini): jina, tarehe, biro iliyomtuma. Mwambie aache note. Hakuna note, hakuna malipo. Usipandishe sauti, na ada ya kweli usiikimbie. Ada za jimbo ni za DRHKAT, idara ya mapato ya Haut-Katanga. Zitunzie faili yake.

Faili hizo zikae mapokezi, siyo chumbani kwako nawe uko sokoni na ufunguo. Mbele weka kopi za RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho ya taifa) na numéro impôt (namba ya mlipakodi).

Kama unatoza TVA (kodi ya ongezeko la thamani), ile 16% si yako hata siku moja. Tarehe 15 ya mwezi unaofuata DGI, idara ya kodi, inaingojea. Niliona nganda (baa) nzuri ya Kamalondo ikifungwa kwa sababu feza hiyo ilinunua mafuta ya jenereta.

Dereva wa lori anayetoka Zambia kupitia Kasumbalesa akilala kwako, jaza fishi yake (fomu ya mgeni) ya DGM, idara ya uhamiaji, usiku uleule, na pasipoti mkononi. Alfajiri hutamkuta.

Wanaofua mashuka hukuwataja. Waandikishe CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii: 13% unatoa wewe, 5% inatoka kwenye mshahara wao. Hapa ndipo moyo unaniuma. Mama aliyetufulia alizeeka akiwa kazini, akaondoka bila pensheni kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikisha huko, nami ndiye niliyeshika daftari la mishahara.

Kuhusu zile dola 60: kama alikuachia karatasi yoyote, ipeleke Jumatatu kwenye biro iliyoandikwa juu yake, uulize kama wanaitambua. Usiende peke yako, na kopi ibaki nyumbani.