Maswali ya Wasomaji: Mbona Baiskeli Husimama Yenyewe?

Safari hii tumechagua barua tatu kutoka Nyanda za Juu Kusini, zote zikihusu kanuni ya inesha, yaani tabia ya kila kitu kung'ang'ania hali yake, iwe ya kutulia au ya kwenda, mpaka kani (msukumo au mvuto) kutoka nje ikibadilishe.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi wilayani Rungwe, na shule yetu haina maabara. Nilipofundisha inesha niliwafanyia wanafunzi jaribio la sarafu na glasi, wakalifurahia sana. Lakini mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba kanuni hiyo si ya kweli, kwa sababu akiacha kunyonga baiskeli yake, baiskeli husimama yenyewe bila mtu kuizuia. Nilimweleza habari za msuguano, lakini niliona wazi kwamba hakuridhika. Nimwonyeshe nini, kwa vitu vya nyumbani, ili aelewe?
*Mwalimu, Tukuyu*

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi huyo apongezwe mbele ya wenzake. Ametumia alichokiona barabarani kuipima kanuni aliyofundishwa, na sayansi haidai zaidi ya hapo. Tena alichokisema ndicho alichofundisha Aristotle katika Ugiriki ya kale, kwamba kila kinachokwenda lazima kiwe na kinachokisukuma, na wasomi wengi walikishikilia kwa karibu miaka 2,000.

Kanuni ambayo Isaac Newton aliichapisha mwaka 1687 ina sehemu mbili. Kitu kilichotulia huendelea kutulia. Na kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka kani ikilazimishe kubadilika. Jaribio la sarafu linahusu sehemu ya kwanza tu. Mwanafunzi wako ameuliza kuhusu sehemu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, naye amejibiwa kwa maneno matupu. Anastahili kuiona kwa macho yake.

Hata hivyo, jaribio la sarafu usiliache, ila lifanywe kwa ukamilifu. Kata kipande cha jalada gumu la daftari, kiweke juu ya mdomo wa glasi, weka sarafu ya shilingi 200 katikati yake, kisha kipige ukingoni kwa ncha ya kidole ili kichomoke kwa usawa. Sarafu itadumbukia ndani ya glasi. Wengi huishia hapo, wakisema kwamba sarafu imeanguka kwa sababu ya inesha, na maelezo hayo yana kasoro: kilichoiangusha ni mvutano wa Dunia, na kazi ya inesha ilikuwa kuifanya isiondoke pamoja na jalada. Sasa rudia, lakini ulivute jalada polepole. Sarafu itafuatana nalo mpaka nje ya glasi. Msuguano kati ya sarafu na jalada ulikuwapo mara zote mbili, wala ukubwa wake haukutofautiana sana. Kilichotofautiana ni muda. Jalada likichomoka ghafla, msuguano hupata sehemu ndogo mno ya sekunde ya kuivuta sarafu, nayo haiwahi kupata kasi ya maana. Likivutwa taratibu, muda unatosha. Mpe mwanafunzi wako alifanye mwenyewe kwa namna zote mbili, ili autambue msuguano kuwa ni kani inayofanya kazi, kabla hujamwambia kwamba ndio unaoisimamisha baiskeli yake.

Baada ya hapo mjibu swali lake. Tafuta ubao laini wa nusu mita hivi, uegemeze juu ya vitabu viwili upate mteremko mdogo, na uchore kwa chaki alama ya mahali pa kuachia gololi. Mbele ya ubao tandaza blanketi. Achia gololi bila kuisukuma, pima ilipoishia. Ondoa blanketi, tandaza khanga iliyonyooshwa vizuri, uachie tena kutoka alama ileile. Mwisho ondoa khanga pia, gololi ipite juu ya sakafu ya saruji iliyofagiliwa vizuri. Kasi ya kuanzia ni ileile kila mara, kwa kuwa mteremko na alama havikubadilika, lakini umbali unaongezeka: kwenye blanketi gololi huishia karibu kabisa na ubao, na kwenye saruji safi huweza kufika ukuta wa pili wa darasa. Gololi inayobingirika haizuiliwi kwa namna ileile kama kitu kinachoburuzwa, maana kinachoichosha zaidi ni kitambaa kubonyea chini yake, lakini maana ya jaribio haibadiliki.

Usiwape hitimisho. Waulize: tungepata sakafu laini kuliko hii, na nyingine laini zaidi ya hiyo, gololi ingefika wapi? Na kama isingekutana na kizuizi chochote? Naamini hili ndilo swali lenye thamani kubwa kuliko yote katika somo zima, kwa sababu hakuna darasa duniani lenye sakafu isiyo na msuguano kabisa. Sehemu ya mwisho ya njia lazima mtoto aitembee kwa akili yake.

Hivyo ndivyo alivyofanya Galileo Galilei wa Italia, aliyefariki mwaka 1642. Alitambua kwamba mpira ukishuka mteremko mmoja na kupanda wa pili, hufika karibu na kimo ulikoanzia. Unaweza kulionyesha hilo kwa kipande cha bomba jeusi la maji chenye urefu wa mita mbili, kilichopasuliwa kwa urefu wake kikawa mfereji. Inua ncha zote mbili, achia gololi upande mmoja, nayo itapanda upande wa pili ikipungukiwa kidogo tu na kimo chake cha mwanzo. Ulaze kidogo upande wa pili: gololi itakwenda mbali zaidi, kana kwamba inakitafuta kimo kilekile. Ulaze zaidi, itazidi kwenda mbali. Ukiulaza kabisa ukawa sambamba na sakafu, kimo hicho haitakipata kamwe, kwa hiyo hakuna sababu ya kusimama isipokuwa msuguano na hewa.

Hapo ndipo umrudishe kwenye baiskeli. Baiskeli isiyonyongwa husimamishwa na tairi linalobonyea, beringi zinazosuguana, na hewa inayompiga mwendeshaji kifuani. Ajaze upepo, aweke grisi kwenye beringi, kisha aiache itembee yenyewe kwenye lami tambarare (kwa Tukuyu itabidi aitafute) na baadaye kwenye vumbi, akianza kwa kasi ileile. Tofauti atakayoipima itamshawishi kuliko maelezo yangu na yako.

Mkipata nafasi, lipelekeni darasa Mbozi, mkoani Songwe, likakione kimondo. Bonge lile la chuma, lenye urefu wa mita 3 hivi, lilisafiri angani kwa muda mrefu sana bila injini; mvuto wa Jua uliipinda njia yake, lakini hakukuwa na kitu cha kuusukuma mwendo wake uendelee, wala haukuhitaji kusukumwa. Lilisimama pale lilipokutana na Dunia. Chombo cha Marekani kiitwacho Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, nacho kinaendelea kwenda kwa kasi ya kilometa 17 hivi kwa sekunde bila injini kukisukuma mbele.

SWALI: Mara kwa mara husafiri kwa basi kati ya Mafinga na Morogoro nikiwa na mtoto mchanga. Dereva akifunga breki tunarushwa mbele, akiondoka tunarudi nyuma, na kwenye kona za Kitonga tunalaliana ubavuni. Ni kani gani inayotusukuma kila upande? Na je, nikimkumbatia mtoto kwa nguvu zangu zote, inatosha?
*Mama, Mafinga*

JIBU: Mama, nitaanza na mtoto, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Haitoshi.

Chukua mtoto wa kilo 10 katika gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, ambayo ni karibu mita 14 kwa sekunde. Gari likigonga kitu na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto bado anakwenda kwa mita 14 kwa sekunde, na anayetaka kumsimamisha pamoja na gari lazima atoe kani sawa na ile ya kunyanyua mzigo wa kilo 140. Hebu fikiria gunia la mahindi la kilo 100, na kilo 40 juu yake, kwa mikono iliyoshtukizwa. Hakuna upendo wa mama unaoweza kuipa mikono nguvu hiyo. Palipo na kiti maalumu cha mtoto kinachofungwa kwenye gari, kitumike. Pasipo na kiti hicho, mama afunge mkanda wake mwenyewe na asiuzungushe kwa wote wawili, kwa sababu mwili wake mzito, ukisukumwa mbele, utambana mtoto kwenye mkanda. Na abiria ana haki ya kumwambia dereva apunguze mwendo, aitumie.

Kuhusu kusukumwa, hakuna kani inayokurusha mbele. Breki zinalishika basi, na mwili wako unaendelea na mwendo uliokuwa nao mpaka mkanda, kiti cha mbele au miguu yako iusimamishe. Basi likiondoka, kiti kinakwenda mbele na wewe unachelewa kidogo, ndiyo maana mgongo unakibonyea. Kwenye kona za Kitonga basi linapinda lakini mwili unataka kunyooka, hivyo ubavu wa basi ndio unaokuja kwako na kukupindisha pamoja nalo. Chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kuachiwa kiputo kimoja cha hewa inaonyesha mambo haya vizuri sana. Ilaze juu ya mapaja yako, ikielekea mbele. Basi likiondoka, maji yatabaki nyuma na kiputo kitakimbilia mbele. Likifunga breki, maji yatakwenda mbele na kiputo kitarudi nyuma. Watoto hudhani kiputo kimekosea, na kumweleza mtoto kwa nini hakijakosea ni njia nzuri ya kuutumia muda wa safari.

Inesha hiyohiyo ndiyo inayoyafanya malori yanayoteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni yawe ya kuheshimiwa. Kadiri kitu kilivyo na masi kubwa, yaani kiasi kikubwa cha maada ndani yake, ndivyo kilivyo kigumu kuanzisha mwendo na kigumu kusimamisha. Ukifika nyumbani, tundika kwa kamba ndefu makopo mawili ya rangi kwenye tawi la mparachichi, moja tupu na jingine likiwa limejaa mchanga. Kamba zimebeba uzito wote, kwa hiyo hunyanyui chochote. Sukuma kila moja kwa kidole kuelekea ubavuni. La mchanga litagoma, na likishaanza kuyumba litakataa kusimama. Lizuie kwa kiganja kilichokunjuliwa, lisije likaumiza kidole.

SWALI: Kwa nini kichwa cha nyundo kikilegea, fundi hugonga kitako cha mpini kwenye jiwe, badala ya kukigonga kichwa chenyewe? Naomba pia jaribio ambalo wenzangu hawalijui.
*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Iringa*

JIBU: Fundi hushika nyundo wima, kichwa kikiwa juu, kisha huishusha. Jiwe linausimamisha mpini, lakini hakuna kilichokisimamisha kichwa, hivyo kinaendelea kushuka na kujibana kwenye mpini. Kwa sababu chuma kina masi kubwa kuliko mti, mapigo machache yanatosha.

Wenzako huenda wanajua la mayai: zungusha bichi na lililochemshwa juu ya meza, yaguse kwa kidole yasimame, kisha uachie mara moja. Bichi litaanza tena kuzunguka lenyewe, kwa sababu ute na kiini ndani yake havikuwa vimesimama.

Nadhani hili la nyuzi hawalijui. Funga kifuko cha chumvi cha nusu kilo kwa uzi wa cherehani na ukitundike kwenye msumari uliopigiliwa imara juu ya mlango. Chini ya kifuko funga uzi mwingine wa aina ileile, ukining'inia. Vuta uzi wa chini taratibu, ukiongeza nguvu kidogo kidogo: utakatika wa juu, kwa kuwa umebeba uzito wa chumvi pamoja na mvuto wa mkono wako. Funga upya, na safari hii vuta kwa mshtuko mmoja mkali. Utakatika wa chini, na kifuko kitabaki juu, kwa sababu chumvi haikuwahi kusogea kiasi cha kuunyoosha uzi wa juu kabla wa chini haujakatika. Weka beseni lenye nguo ndani yake chini ya kifuko, usimame kando, na kabla hujavuta waambie wenzako waandike kwenye karatasi ni uzi upi utakaokatika.