Miaka 11 si kuchelewa: mtazame Yannick Noah

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 11 amechelewa kushika raketi ya tenisi, na kama yupo mwenye damu ya Kiafrika aliyefika mbali. Hajachelewa, na yupo.

Mcheza tenisi Yannick Noah alizaliwa Ufaransa mwaka 1960, baba Mkameruni, mama Mfaransa, akalelewa Yaoundé. Mwaka 1971 mcheza tenisi maarufu wa Marekani, Arthur Ashe, alipita huko akamwona akicheza, naye ana miaka 11 tu, kama wako. Ashe akawaarifu wakubwa wa tenisi Ufaransa, mtoto akapelekwa Nice kufundishwa. Hapo mimi husimama nikawaza: umri ule, kuwaacha wazazi na kuvuka bahari! Mwaka 1983 akatwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya Ufaransa (French Open), akimshinda Mats Wilander, bingwa mtetezi, kwa seti 3 bila kupoteza hata moja. Tangu hapo mpaka leo hakuna Mfaransa mwingine aliyelichukua taji lile kwa wanaume mmoja mmoja. Baadaye, akiwa nahodha asiyecheza, aliongoza Ufaransa kutwaa Kombe la Davis, kombe la timu za mataifa, mara 3, na akawa mwanamuziki.

Hapa kwetu Malindi mwalimu wa kwanza ni ukuta wa kupigia mpira. Kusi ikivuma, mpira wa juu humkimbia mtoto, anabaki kaupiga upepo. Mfundishe kusogeza miguu kabla ya mkono.

Mlete Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali. Raketi ndogo ninayo. Mipira yangu imenyonyoka manyoya, lakini bado inadunda.