Kwa mwalimu wa Tandahimba aliyeomba riwaya za mapenzi na kazi

Mdogo wangu mleta mada, nimesoma majibu yote hapo juu kabla ya kuandika. Umesema wewe ni mwalimu wa ajira mpya huko Tandahimba, mchumba wako yuko Dar na anataka uache kazi umfuate. Umeomba vitabu vya Kiafrika vya siku hizi vinavyogusa mapenzi, kazi, ndoto za mtu na lile swali la mimi ni nani hasa. Ukasihi usitajiwe vitabu vya motisha. Watu wakaja na vitabu vya motisha. Ndiyo jukwaa letu hilo.

Mimi nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, Newala kwanza, kisha hapa Mtwara mjini. Sasa nina steshenari na rafu ya vitabu vya kuazimisha, na tuna kikundi cha kinamama tunaosoma pamoja Shangani, Jumamosi jioni, msimu wa korosho ukituruhusu. Ninayokuandikia nimeyaona yakisomwa na kubishaniwa na watu wa huku huku kwetu.

Anza na Mariama Bâ wa Senegal. Najua kitabu chake kilitoka 1979 na wewe umeomba vya siku hizi, ila vumilia. Kipo kwa Kiswahili, Barua Ndefu Kama Hii, na ni chembamba. Ramatoulaye ni mwalimu kama wewe. Kaolewa kwa mapenzi, kazaa watoto kumi na wawili, kisha mumewe Modou akaoa binti aliye rafiki wa mwanawe. Mume akafa, na yeye anaandika barua hiyo akiwa eda. Kitabu hiki wenzetu wa mbali wanahitaji maelezo mengi kukielewa. Pale Shangani hakuna aliyeuliza eda ni nini, wala kwa nini mawifi wamejaa nyumbani wanakula na kuhesabu vitu vya marehemu.

Wengi wakikisoma hukomea kwenye uke wenza. Wewe mwenye mshahara wako, hata kama Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wanachukua 15% yao kila mwezi, tulia pale panapotajwa nyumba. Modou aliiweka rehani nyumba waliyoipata kwa akiba ya wote wawili ili bi mdogo apate yake, na hati ilikuwa na jina la Modou peke yake. Mwanamke amefundisha miaka yote hiyo, na kwenye karatasi hayupo. Halafu mtazame rafiki yake, Aissatou, ambaye mumewe naye aliongeza mke. Yeye aliondoka, akarudi masomoni, akawa mkalimani ubalozini Marekani, na ndiye aliyemnunulia Ramatoulaye gari. Bâ hasemi nani kati yao alikuwa na akili zaidi. Sisi tulisema, tena kwa sauti, na hatukukubaliana.

Cha pili ni cha hapa hapa nyumbani, na nashangaa hakuna aliyekitaja: Parched Earth cha Elieshi Lema, cha 2001. Kiko kwa Kiingereza, lakini Kiingereza chake hakitakutoa jasho. Doreen ni mwalimu wa shule ya msingi. Ndoa yake na Martin inachakaa taratibu kwa sababu amezaa binti na mume anataka mtoto wa kiume wa kurithi jina. Hapo kikundi chetu kilisimama. Mama mmoja wa Kimakonde, mtu wa makamo, aliuliza tatizo liko wapi, kwani binti si ndiye anayeendeleza ukoo? Na kwa asili yetu ana haki ya kuuliza. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao tulihesabu ukoo kwa mama, na mjomba alikuwa na sauti kuliko baba. Doreen anatoka kwenye jamii inayohesabu kwa baba, kwa hiyo anaonewa kwa jambo ambalo kwa bibi zetu lingekuwa baraka.

Nimekaa sana na swali la yule mama. Tunapozungumza utambulisho tunapenda kwenda mbali, Mwafrika huko Ulaya, mweusi huko Marekani. Kumbe Mtanzania wa kusini akisoma riwaya ya Mtanzania wa kaskazini anagundua kwamba hata aibu zao hazifanani. Kwenu Tandahimba ukiwauliza bibi wa jirani watakueleza mengi kuhusu mwanamke na nyumba yake. Usiyameze yote, maana bibi hao hao wana mengine ya unyago ambayo mimi binti yangu sikumpa. Ila wasikilize kabla hujaamini kwamba mwanamke wa Kiafrika tangu zamani alikuwa mtu wa kufuata tu.

Sasa vya siku hizi vyenyewe.

Ukitaka kulia, soma Stay With Me cha Ayọ̀bámi Adébáyọ̀ wa Nigeria, cha 2017. Yejide na Akin walipendana chuoni, wakaoana, watoto hawaji, na ndugu wa mume wanamletea mke wa pili mpaka sebuleni. Yejide ana saluni yake, na kila nyumba inapomwelemea, saluni ndiyo inayomweka mjini. Siri ya kitabu sitaisema. Nitasema tu kwamba uongo mkubwa humo unasemwa na mtu anayependa kwelikweli, na ndiyo maana unauma.

Kinachogusa kesi yako moja kwa moja ni Behold the Dreamers cha Imbolo Mbue, cha 2016. Jende na Neni wanatoka Limbe, mji wa pwani ya Kameruni, wanaishi New York. Jende ni dereva wa bosi wa Lehman Brothers, ile benki kubwa ya Marekani iliyofilisika mwaka 2008. Neni anasoma, anataka kuwa mfamasia. Makaratasi ya Jende yanakwama, kazi inapotea, mgongo unauma, na siku moja anaamua: tunarudi Limbe. Anaamua yeye. Neni hataki, anahangaika kila njia, na moja ya njia hizo ni chafu kweli. Jende naye anampiga. Mume wangu hasomi riwaya, lakini hiki alikimaliza kwa sababu alitaka kujua kama wanarudi, na hadi leo anasema Jende alifanya sawa, mji wa pwani wenye ndugu zako unashinda New York ya hofu. Mimi nasema kurudi kulikuwa sawa, ila uamuzi haukuwa wa mtu mmoja. Utaona mwenyewe uko upande gani, na jibu lako litakuambia kitu kuhusu huyo mchumba.

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, umetajiwa Peponi yake, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, na ni tafsiri nzuri, lakini ni ya zama za Wajerumani na mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kwa unachouliza wewe bora Theft, cha 2025. Hapo kuna Dar na Unguja unazozijua, vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar. Karim ana akili, anapanda haraka, kila mtu anamsifia. Badar ni mtumishi wa nyumbani anayesingiziwa wizi. Fauzia ni mwalimu (naam, mwingine tena), anaolewa na Karim. Mwangalie Karim kadiri anavyopanda. Gurnah hapigi kelele, anakuachia uone mwenyewe jinsi mtu aliyesaidia wenzake anavyoanza kuwadai shukrani. Sisi wenye ndugu waliofanikiwa Dar tunamjua.

Americanah cha Chimamanda Ngozi Adichie, cha 2013, kila mtu atakutajia, kwa hiyo kwa ufupi. Ni kirefu, na wengi hukisifia kwa mambo ya nywele na ngozi Marekani. Kwangu sehemu yenye nguvu ni ya Obinze, kijana wa Nigeria, huko London, akifanya kazi kwa jina la mtu mwingine mpaka anakamatwa siku ya ndoa ya makaratasi. Ubishi mkubwa kikundini ulikuwa juu ya Kosi, mke wa Obinze, anayeachwa bila kosa lolote la maana. Mwandishi hakumpa nafasi ya kutosha, na nadhani anajua.

Kimoja si riwaya. Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, aliandika kumbukumbu zake, My Life, My Purpose, zikatoka 2019. Isome hata kama siasa huitaki, uone mtoto wa kijiji cha kusini anavyofika Makerere kusoma Kiingereza na baadaye Ikulu.

Kuhusu kupata: maktaba ya mkoa hapa Mtwara inafaa kwa Barua Ndefu na vya kiada, vipya usitegemee. Vya wachapishaji Mkuki na Nyota agiza duka la vitabu la TPH, barabara ya Samora, Dar, mtu wako wa huko akupakilie kwenye basi kama kifurushi. Masika uwe na subira, unakumbuka Mei 2024 barabara ya kutoka Dar ilivyokatika Somanga. Na usinunue ile PDF ya shilingi elfu mbili inayozunguka kwenye magrupu.

Umeuliza kama umpe mchumba asome. Mpe Behold the Dreamers, kisha muulize Neni angefanyaje. Usimpe Stay With Me, atadhani unamtisha. Na hilo la kuacha kazi, tafuta kwanza mwalimu wa Dar anayetaka kurudi kwao kusini mfanye uhamisho wa kubadilishana, wapo, kila mwaka nakutana nao dukani wakitoa kopi za barua. Parched Earth ninayo nakala moja, imechakaa lakini kurasa zimetimia. Ukishuka mjini mwisho wa mwezi nitumie ujumbe wa faragha, nitakuazima.