Usiiulize mashine kabila lake

Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja cha kupanga Sinza, tukiandika programu ya stoo kwa ajili ya maduka ya dawa. Mimi nilikuwa na laptopu ya mtumba kutoka Kariakoo yenye Ubuntu (aina ya Linux), kaka mmoja alikuwa na Mac, dada mmoja Windows. Skripti ya kuandaa mambo kabla kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, haijaanza kazi niliiandika mimi. Nikaijaribu, ikakubali, nikalala.

Asubuhi kaka wa Mac akanipigia: "Mzee, hii kitu yako imegoma."

Nikampa lile jibu ambalo kila mwandika programu amewahi kulitoa na kulijutia: "Mbona kwangu inakubali?"

Kilichogoma ni mstari mmoja tu: `sed -i 's/TOLEO/1.2/' usanidi.h`. sed ni amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili. Ile ya GNU, iliyomo kwenye Ubuntu, inaelewa kwamba nataka faili libadilishwe papo hapo. Ya Mac ni ya ukoo mwingine, wa BSD, na baada ya `-i` inasubiri itajiwe kiambishi cha nakala ya akiba. Basi ikalichukua badiliko langu ikalifanya kiambishi, ikalisoma jina la faili kama amri, kisha ikaanza kulalamikia kitu ambacho sikukiandika kabisa.

Nikafanya wanachofanya wengi. Juu ya skripti nikaweka `uname -s`, amri inayotaja jina la mfumo: ikijibu Darwin, jina la ndani la Mac, fuata njia ya Mac, vinginevyo, fuata ya Linux. Amani ikadumu wiki mbili. Dada akaiendesha kwa Git Bash (bash ya kutumia ndani ya Windows), uname ikajibu jina refu linaloanza na MINGW64, nikaongeza tawi. Mteja akatupa seva yenye mfumo mwingine, FreeBSD, skripti ikaitupa kwenye kapu la "vinginevyo" kana kwamba ni Linux, kumbe sed yake ni ndugu wa ile ya Mac, nikaongeza tawi. Kisha kaka akasakinisha sed ya GNU kwa Homebrew, kisakinishi cha programu za Mac, na kuitanguliza kwenye PATH (orodha ya mahali zinakotafutwa programu). Jina bado Darwin, tabia ya Linux. Hapo nikaishiwa matawi.

Huku kwetu fundi akija kuomba kazi humuulizi kabila. Ni utovu wa adabu, na isitoshe kabila halikuambii kama anajua kupiga plasta. Unampa mwiko na kipande cha ukuta, unaangalia. Mashine nayo ifanyie hivyo hivyo.

Na si wazo langu. Autoconf, zana ya kutengeneza skripti za `./configure`, aliyoianza David MacKenzie mwaka 1991, ilijengwa juu ya hilo. Ile `./configure` inayomwaga mistari mingi kabla ya kazi inaandika vijiprogramu vidogo, inajaribu kuvikompaili, na kuona kipi kimepita. Chukua `dlopen`, kitendo cha kupakia maktaba programu ikiwa tayari inaendeshwa. Kwenye FreeBSD imo ndani ya maktaba ya C yenyewe. Kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya C ya GNU) ya kabla ya 2.34 lazima uiambie kompaila iongeze maktaba nyingine kwa `-ldl`, kuanzia 2.34, ya mwaka 2021, huhitaji tena. Ukiandika "kama ni Linux, weka -ldl" umeshaandika historia badala ya hali halisi. Jaribu bila hiyo. Ikikataa, jaribu nayo. Zikikataa zote, simama na useme wazi ni nini kimekosekana. CMake, zana nyingine ya aina hiyo, nayo ina `check_symbol_exists` kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa sed hata jaribio halikuhitajika. Niliachana na `-i`: matokeo yaende faili jipya, kisha `mv`. Matawi yote manne nikayafuta, na sikuyalilia.

Sheli nayo, programu inayosoma amri za skripti (siyo ya mafuta), ina vituko vyake. Ukianza skripti na `#!/bin/sh` umeahidi kuandika sh ya kawaida, siyo bash. Ubuntu tangu toleo la 6.10, mwaka 2006, `/bin/sh` yake ni dash, sheli ndogo kuliko bash, na dash haikusamehe `[[`, alama ya kupima masharti ya bash. Ukisema basi utatumia bash waziwazi, kumbuka Mac inakuja na bash ya tawi la 3.2, kwa hiyo `declare -A` (ya kutengeneza orodha ambayo kila thamani ina jina lake), iliyoingia na bash 4, haipo. Mimi siku hizi naandika sh tupu, naipitisha kwenye ShellCheck (kikaguzi cha skripti), halafu naiendesha kwa dash. Ikipita dash, mara nyingi itapita kwingine.

Kwa upande wa Windows, kilichotusumbua zaidi ni miisho ya mistari. Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ikibadilisha LF (mwisho wa mstari wa Linux) kuwa CRLF (wa Windows), Linux inatafuta programu yenye herufi isiyoonekana mwishoni mwa jina lake, na mara nyingi ujumbe wa kosa unaionyesha kama `^M`. Mstari mmoja kwenye `.gitattributes`, `*.sh text eol=lf`, ulimaliza ugomvi. Herufi kubwa na ndogo pia: `Dawa.h` na `dawa.h` kwa kawaida ni faili moja kwenye Mac na Windows, ila Linux inaona mawili.

Na usikope hela ununue Mac ya kufanyia majaribio. GitHub Actions, huduma ya kuendesha majaribio mtandaoni, ina mashine za Linux, macOS na Windows, na kwa miradi iliyo wazi kwa umma ni bure. Bando lako litatumika kusukuma msimbo tu, na umeme ukikatika Sinza majaribio yanaendelea huko huko yaliko.

Juzi alikuja kijana wa mafunzo kwa vitendo na laptopu ya Windows. Skripti ikagoma tena. Folda lake linaitwa "Kazi Zangu", lenye nafasi katikati, na mimi nilisahau kuweka alama za nukuu kwenye `$CHANZO`, kigezo kinachobeba jina la folda. Nimeziweka jana, sehemu kumi na moja.